Ganda la Chungwa

Dundee ina viwanja viwili mtaa mmoja.
Nimepima kwa miguu yangu, nikitoka zamu ya usiku:
hatua mia mbili na arobaini na sita
lango la buluu hadi lango la chungwa,
na katikati ukuta, baa, na mbwa asiye na timu.

Mimi ni wa buluu. Usiniulize kwa nini.
Wiki ya kwanza mvua ilinikuta pale nje,
mzee wa getini akasema pita, kipindi cha pili hakina tiketi.
Nikapita. Tukafungwa. Basi.
Mapenzi mengine huanza kwa kujikinga mvua.

Dod Cuthill, ghorofa ya juu yangu, ni wa chungwa
tangu babu yake. Mwanahawa limemshinda kutamka,
ananiita Hawa. Mimi namwita Mtani.
Nilimweleza neno hilo jikoni kwake, Netta akimimina chai:
nimezaliwa Tanga, kati ya Coastal na African Sports,
na kwetu mtani ana haki ya kukutukana
wala hupeleki kesi popote.
Akauliza, na mipaka?
Nikasema, mama wa mtu haguswi. Mgonjwa haguswi.
Akaongeza lake: usitume kitu kabla ya filimbi ya mwisho,
maana mpira unasikia.

Simu zetu zikawa uwanja wa tatu.
Wapo vijana wa kwetu wanaoporomosha matusi
ya ngozi, ya dini, ya maiti,
kisha wanabandika kikaragosi cha kucheka
kama chumvi juu ya kidonda.
Hao nawafuta.
Tusi lisilo na ufundi ni kelele za mlevi.

Desemba tukawafunga tatu bila.
Tatu! Nilipanda Hilltown naimba peke yangu,
vidole vimekufa ganzi, nikamwandikia:

     Chungwa tumeshalimenya, ganda lipo mlangoni,
     toka nje kulikusanya, usijifiche chumbani.

Nikaigeuza kwa lugha yake, vina vikafia njiani.
Nikatuma hivyo hivyo.
Tiki moja ya kijivu. Ya pili haikuja.
Haikuja mpaka alfajiri, nilipoambiwa ngazini:
Netta alianguka kipindi cha kwanza,
redio ikaendelea kutangaza.

Nikaufuta ujumbe kabla haujamfikia.
Siku kumi sikumwandikia hata herufi.
Nilipika wali, nikauacha mlangoni kwake,
nikashuka kwa ncha za vidole kama mwizi.

Baada ya maziko, ukumbini, kwenye chai na mikate ya pembe tatu,
akanijia, suti imempwaya,
skafu ya chungwa inachungulia mfukoni.
“Tatu bila,” akasema, “na wewe kimya.
Kila mtu hapa ananisemesha kama mgonjwa.
Nilidhani nina mtani.”

Ndipo nikakumbuka kwetu
mtani hufika msibani kuleta vurugu,
huzuia jeneza, hudai ada, humuiga marehemu anavyotembea,
mpaka mfiwa acheke asitake, makamasi yakimtiririka.
Nilikuwa nimeitoroka kazi yangu.

Nikamsomea kwa Kiswahili, polepole, mchungaji akiwa kando
na kikombe chake.
Hakuelewa neno. Mizani aliisikia.
Akacheka hata dada yake Netta akaja kumshika bega,
akidhani analia,
na huenda alikuwa analia.

Juzi nimerudi kutoka zamu. Mlangoni pangu
ganda la chungwa, limemenywa mzunguko mmoja bila kukatika,
na kikaratasi: Februari mnakuja kwetu.

Kwao! Hatua mia mbili na arobaini na sita.

Sijalitupa. Linakauka juu ya hita,
na nyumba yangu yote inanukia timu yake.