Bandi Tano

Mguu huu wa kulia ndio uliosomesha watoto wangu.
Miaka thelathini na mmoja, barabara ya tisa, Ngamiani,
kanyagio chini, cherehani juu:
sare za shule kila Januari,
suruali za wanaume wasiolipa.

Kisha nyuma ya paja, kitu.
Kama limau, nikasema. Halafu kama chungwa la Muheza,
halina maumivu, halina haraka,
linakua tu, kama deni.

Bombo wakanipa barua ya Dar.
Daktari wa kwanza alichora mstari karibu na nyonga:
“Tukate hapa, mama, uhai ubaki.”
Mimi fundi. Kitambaa kikishakatwa
hakirudi kwenye jora.

Wa pili, binti mwembamba, Daktari Semhando, alisema:
saratani ya nyama laini huacha vijinyuzi visivyoonekana.
“Tutatoa uvimbe, na pale ulipolala
tutalaza mirija mitano, sambamba.”
Bandi, nikamwambia.
“Bandi nini?”
Mishono ya muda, mwanangu. Unapiga, unashona, unafumua.
Akaliandika neno hilo kwenye faili langu.

Siku tano, asubuhi na alasiri,
mlango mzito unafungwa, wote wako nje,
hata nesi aliyenishika mkono.
Punje ya chuma, ndogo kuliko mchele,
inatoka kwenye kasha na moto wake usio na moshi,
inapita mrija kwa mrija, inasimama, inasogea,
kisha inarudi ilikotoka.
Sikuhisi kitu. Nilihesabu vifungo
vya mashati ambayo sijayashona.
Dawa ya moto ni moto:
zamani tuliisema kwenye ugomvi.

Siku ya kufumua, nesi alikuwa na haraka.
Taratibu, nikamwambia, utavuta nguo.

Nyumbani, Mwanamkuu wa jirani alimzuia mwanawe.
Mtoto akasimama mlangoni:
“Bibi, eti unawaka?”
Nikazima taa. Haya, njoo uone.
Akaja akipapasa, akajikwaa kwenye kiti,
akanishika magoti. “Mbona giza?”

Goti halikunji lote. Kila miezi mitatu napanda basi kwenda Dar,
na usiku wa kuamkia safari silali.
Mwanangu kaniletea mota ya umeme; iko kwenye boksi lake.
Pajani nina alama kumi,
mbili kwa kila uzi uliofumuliwa.
Nakanyaga polepole.
Januari imekaribia, na sare bado hazina pindo.