Huduma Nyinginezo

Siku ya kumi na moja, Malaba.
Kontena letu limeganda yadini,
ndani yake transfoma ya hospitali,
juu yake korongo wawili wala taka,
chini yake Wabwire, dereva,
anapika posho kwa jiko la mafuta ya taa.

Ofisa Ekisa hajaomba hata senti.
Ni mtu wa adabu. Huniuliza habari za watoto,
hupekua karatasi zangu kama anayechambua mchele,
kisha: "Mama Nyaketcho, mtandao uko chini."
Na baada ya kimya:
"Huna neno jingine?"
Sina.

Kozi ya kampuni niliifanya mwezi wa tatu,
usiku, kwa bando langu mwenyewe.
Swali la saba: Ukiombwa chai, utafanya nini?
Nikabonyeza C.
Nikapata tisini na sita, na cheti chenye nembo,
jina langu wamelikosea herufi.
Penye udhia penyeza rupia, walisema wahenga,
lakini wahenga hawakufanya kozi.

Nikapiga ile simu ya siri, kule Zurich.
Sauti laini: aliomba kiasi gani?
Hakuomba.
Alitamka neno lipi?
Alisema mtandao.
Ikanishukuru kwa uadilifu wangu,
ikanipa namba ya kumbukumbu, tarakimu kumi na mbili.
Nimeiandika kiganjani. Haifungui geti.

Leo wakala wetu, Obbo, kaleta ankara:
maegesho, mizani, stempu,
na mstari wa mwisho, kwa wino uleule,
huduma nyinginezo, milioni mbili na laki nne.
Mtandao utapona saa kumi, anasema.
Makao makuu watalipa. Mashine yao husoma jumla,
haisomi haya.
Risiti ipo, kodi imekatwa, kila mtu kanawa.
Imebaki sahihi yangu.

Dirishani, Wabwire anakwangua sufuria.
Usafi wetu wote hulala chini ya ekseli, pamoja naye.
Mtoto wake ana homa, Busia.
Mimi hakuniambia; nilimsikia simuni.

Kalamu nyekundu. Kando ya mstari naandika:
Zipi?
Obbo ananitazama kana kwamba nimemtukania mama.

Natoka nje kumwambia Wabwire
kwamba kuna siku ya kumi na mbili,
huenda na ya ishirini,
nami natafuta neno la kuanzia.