Macho ya Kuazima

Baba alisimama mbele ya kabati la tatu la kioo,
kofia mkononi, kama aliyechelewa ibada.
Mzee Shenouda, mpiga picha wa Fayumu miaka arobaini na moja:
picha za pasi, za harusi, za vyeti vya shule.
Siku hizi jicho moja lina mtoto wa jicho
na la pili huchagua la kuona.

Nikamsomea kibao: *Mvulana. Nta juu ya ubao wa mkuyu.
Jina halijulikani.*
Akanikatiza. "Mwanga ulimjia kushoto.
Na fundi alikuwa na haraka. Tazama sikio."
Nikatazama. Kweli, sikio lilikuwa mkwaruzo tu,
na unywele wa brashi umenasa kwenye nta,
karibu na shavu. Karne kumi na nane, haujabanduka.

Vinyago vya dhahabu vya upande wa pili hakuvijali.
"Wale," alisema, "wamevalia wageni."
Mlinzi akapiga mwayo. Watoto wa shule wakapita
wakihesabu maiti kwa sauti.

Kisha Baba akainama, akanena kwa ile sauti
aliyozoea kunena nayo katika chumba cha kusafishia picha:
"Huyu hakukaa mbele ya mchoraji.
Uso umechoka, midomo imekwisha kukubali,
lakini macho, ona, yangali asubuhi.
Si yake. Ameazimwa. Labda ya ndugu."

Umejuaje, Baba?

Akafuta miwani kwa ncha ya tai. Akafuta tena.

Nyumbani, juu ya redio, ipo picha ya Bishoy,
mdogo wangu wa siku mia moja na sita.
Amelala chali kwenye shuka la lasi, macho wazi,
anamtazama mtu.
Mama aliibusu kila usiku hadi alipokufa
na hakuwahi kuuliza ilipigwa lini.

Nilikuwa na miaka minne.
Nakumbuka stuli ndefu, taa ya moto, harufu ya dawa,
na Baba nyuma ya kitambaa cheusi:
usipepese, binti yangu,
usipepese, tunakaribia kumaliza.

Dukani mlangoni aliulizia kadi ya yule mvulana.
Hawana. Wana za vinyago tu,
kumi kwa bei ya nane.
Akasema hapana, asante,
na penye ngazi akanishika mkono,
yeye ambaye siku zote hukataa kushikwa.