Yale Yenye Meno

Mwezi wa kumi Jovnna alisimama mlangoni mwa gereji yangu,
gari lake jipya likinguruma nje kama la harusi,
akanyoosha kidole hadi rafu ya juu kabisa.
"Yale. Yenye meno."

Meno yalikuwa nayo kweli.
Vipande vya mpira vinene kama mikate,
mifereji ambayo ngumi ingezama,
herufi nyeupe ubavuni za kusomeka kutoka ng'ambo ya mto.
Tairi la tope. Tairi la picha. Mkakasi mweusi.

Nikamwambia, nakumbuka vizuri kwamba nilimwambia:
baridi ikishuka mpira huu hugeuka jiwe,
na jiwe juu ya barafu, hata mtoto anajua, ni mchezo.
Njoo uguse haya membamba, ya rafu ya chini.
Bonyeza kwa ukucha. Umeona? Umezama.
Tazama mikato hii, myembamba kama ya wembe,
kila mkato ni ukingo, na kila ukingo unang'ata.
Na hivi vichwa vya chuma, vidogo kama punje za mtama,
ni njumu. Wewe si ulicheza mpira?
Nani huingia uwanja wa utelezi na ndara?

Akacheka. "Membamba hivi? Ya shangazi haya."

Mimi ni shangazi wa watu kumi na mmoja.

Nikaendelea: jembamba huikata theluji likaitafuta ardhi.
Pana huelea, na kuelea ni kuzuri
kule nyandani kwenye reni, mbali na njia,
ukishapunguza upepo mpaka tairi limelala
kama tumbo la mbwa aliyeshiba.
Lakini wewe unapeleka mtoto shule.

Kisha nikanyamaza.
Barua ya benki ilikuwa mfukoni mwa ovaroli,
imekunjwa mara nne,
na yale ya juu bei yake ilikuwa maradufu.
Nikachukua ngazi.

Novemba alipita akipiga honi. Desemba pia.
Nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri,
barafu kavu, inakwaruza kama msasa;
katika baridi ile kila tairi ni bingwa.
"Shangazi! Meno yanauma!"
Nikapunga mkono. Deni nilikuwa nimelipa.

Barafu haitishi ikiwa kali. Hutisha ikilainika.
Januari, usiku wa Jumanne, upepo ukaja kutoka baharini,
vuguvugu, na mvua ndani yake,
na kulipokucha njia nzima ya Karasjok
ilikuwa kioo kilichopakwa maji.
Simu ililia saa kumi na mbili na robo.

Nikawakuta kwenye kona kabla ya daraja,
gari limetia pua mtaroni,
baba mzima, mzima na binti, Ravna, miaka sita,
anakula biskuti kiti cha nyuma
na kuniuliza kama Niva yangu ina njumu.
Ina, nikasema. Mia na kumi kila mguu.
Akahesabu mpaka ishirini akachoka.

Mimi na Jovnna hatukusemezana.
Nikafunga mnyororo. Matairi yangu ya kishangazi
yakakwaruza, yakasita, yakashika.

Gerejini nikamfungia yale membamba,
jeki ikilia, mimi nikiangalia nati tu.
Akatoa pochi. Nikasema weka.
Akasema hapana, kosa ni langu, uliniambia.
Nikasema weka, Jovnna.
Nilikuambia, halafu nikapanda ngazi.

Akabaki ameshika pochi wazi, kama mtu aliyesahau jina.

Yale mengine yako nyuma, ukutani, manne yamepangana.
Sijui nimuuzie nani.
Theluji imeanguka tena, imejaza mifereji yote,
na kwa mbali, kwa mtu asiyeyajua,
yanaonekana laini.