Farasi wa Nanguruwe

Farasi sijapata kumwona.
Hapa Nanguruwe cha kupandwa ni baiskeli.
Ndiyo maana Sharafu Nampembe aliposimamisha lile gari la Kimarekani
mbele ya kibanda changu cha kutengeneza bloa, akasema,
"Humu mna farasi mia nne na sitini,"
niliinama kwanza, nikachungulia chini.

Chini hapakuwa na nafasi hata ya paka.
Tumbo lilishakwaruzwa na matuta ya Naliendele,
lilikuwa limeyahesabu yote.
Bluu iliyoiva. Pua ndefu, macho membamba ya dharau,
mabega ya nyuma mapana kama ya mbeba magunia wa ghala la chama,
na mabomba ya moshi manne.
Manne! Pikipiki ya shemeji ina moja,
nalo limefungwa kwa waya.

Usukani kushoto.
Kwa hiyo mkewe Somoe, aliyekaa kulia,
ndiye anayechungulia kama kuna lori linakuja,
ndiye anayesema "pita" au "tulia",
na nguvu zote zile zinangoja neno lake.

Nikafunua boneti.
Silinda nane, nne huku na nne huku,
zimefumbuka kama viganja vinavyokinga dua.
Lita tano. Mimi nimezoea injini ya kubebwa mgongoni,
silinda moja, ujazo wa kikombe cha kahawa.

"Taa imewaka," akasema Sharafu, "na linakohoa.
Mjini wamelichomeka kompyuta,
ikaandika Kiingereza kirefu, wakanidai elfu themanini."

Sikuchomeka kitu. Nilinusa.
Mwezi wa sita, nani hapa asiyeijua harufu ile?
Alilipeleka shambani kwa baba yake, likaonekane,
vijana wakiwa wanapuliza salfa,
na gari, kwa pumzi zake za mlafi,
likameza unga wa mikorosho arobaini.
Kichujio cha hewa kilitoka kama mkate wa kumimina
uliozidishwa mayai.
Nikakigonga kwenye gogo,
nikakipuliza kwa bloa yenyewe, ikiwa tupu,
nikakirudisha.

Akabonyeza kitufe.
Kuku wa Bi Zamoyoni walihama kitongoji.
Bati la kibanda likaimba, msumari mmoja mmoja.
Na kifuani kwangu kitu kikawa kinagonga kutokea ndani,
kama mtu aliyefungiwa chooni.

Hela nilikataa. Niliomba kiti.

Somoe akateremka, "Mimi nina watoto,"
akakaa juu ya ndoo yangu ya spana.
Jicho la kulia sasa lilikuwa langu.
"Kuna mtu?"
"Hakuna."

Moja, kiti kikanimeza.
Mbili, shingo ikasahau kazi yake.
Tatu, mikorosho ikawa ukuta mmoja.
Nne sikuihesabu.
Mia ilishapita, na gia zinazidi kupanda,
kila moja ikimkatiza mwenzake maneno.
Mshale wa mafuta nao ulikuwa unashuka, nauona,
lita moja kwa kilomita tano.
Nikafikiria lita moja ingepuliza mistari mingapi ya miti.
Halafu nikaacha kufikiria.

Mnivata, lami ikaisha.
Sharafu akakanyaga breki,
vumbi likatupita, likatangulia Newala peke yake.
Farasi mia nne na sitini wakasimama mbele ya changarawe
kama mbuzi mbele ya maji.
Tukageuza, polepole, bila kusema.

Kabla ya kuondoka alikumbuka bloa ya baba yake,
niliyokuwa nimeimaliza tangu wiki ile.
Buti likalikataa bomba lake refu,
ikalazwa kiti cha nyuma,
kiti ambacho hakikukusudiwa mtu mwenye magoti.
Farasi watano, nikamwambia, usiwadharau.

Wakafika ukingoni mwa lami.
Somoe akachungulia.
"Tulia," akasema,
na farasi mia nne sitini na watano wakatulia,
akapita kwanza mtoto wa Mnali na baiskeli ya baba yake,
amepitisha mguu chini ya mtaimbo,
na kuni nyuma.