Sababu Nyingine

Siku ya tisa nimeileta, imefungwa kitenge,
nimevuka nayo ukungu wa Isongole
nikiipakata kama mtoto mwenye homa.
Lusekelo, fundi wa Mwanjelwa, nyuma ya mitumba,
ana bisibisi sikioni na koti lisilo na zipu.
Hakuniuliza habari za Katumba.
"Ilijisasisha lini?"

Usiku, nimelala.
Niliiacha kwenye chaji kwa kuwa umeme ulikuwa umerudi,
na kwetu umeme ukirudi huulizi mara mbili.
Asubuhi nikakuta sura ngeni:
vitufe vimehamia katikati, kona zimelainishwa,
na salamu ya adabu kwamba kila kitu
kiko palepale nilipokiacha.

Hakikuwepo.
Programu ya mizani, ile aliyoiunda Ipyana
mwaka wa mvua ya mawe, kisha akahamia Tunduma kuuza matairi,
ilifunguka nusu, ikakohoa, ikajifunga.
Ndani yake kilo za watu mia mbili na kumi na nne:
majani mabichi ya Bibi Tungapo, ya Asajile mwenye mguu,
ya mama Sekela anayechuma alfajiri ili umande umwongezee uzito
(najua, hupunguza robo; naye anajua).
Siku nane nimeandika kwa peni kwenye daftari la mwanangu,
siku nane wananitazama mkono
kama watu wa msibani wamtazamavyo mgawa nyama.

"Mashine inakumbuka ilikotoka siku kumi tu," kasema Lusekelo.
"Ya kumi na moja, inafuta njia."
Nikacheka peke yangu.
Hata matanga ya kwetu yana subira kuliko hiyo.

Lakini kabla ya kurudi, ikauliza kwa nini.
Akanitafsiria kwa sauti ya karani wa mahakama:
Programu zangu hazifanyi kazi.
La zamani lilikuwa rahisi.
La zamani lilikuwa na kasi.
Sababu nyingine, tueleze.

"Weka ya kwanza," nikasema. Kisha: "Ngoja.
Weka ya mwisho. Andika.

Andika sikukataa jipya.
Jiko langu la gesi ni jipya. Mbegu za viazi walizotuletea
zilikuwa mpya, tumezipanda, tumezila.
Andika mgeni hubisha hodi.
Andika kasoro za ile nilizijua kwa majina:
herufi M iliyofutika, feni inayolia kama mbuzi,
dakika nne za kuwaka ambazo nilibandika chai.
Hii inawaka kabla sijavua koti.
Inanikimbiza. Andika hivyo, inanikimbiza."

Akaandika mpaka kisanduku kikajaa.
"Atasoma nani?"
"Hakuna, mama."
"Bonyeza."

Asilimia nane. Asilimia ishirini na tatu.
Mvua ikashuka juu ya mabati ya Mwanjelwa
na sote wawili tukainua macho kwenye taa.
Betri ina nusu saa, labda.
Sitini na moja ikakaa hapo,
nikamaliza hindi zima la kuchoma, ikakaa hapo.
Ndipo Lusekelo akasema, akiiambia skrini si mimi,
kuwa mkewe amerudi kwao Ileje,
leo wiki ya pili inatimia.

Nikahesabu.
Sikumwambia nimehesabu.

Ikawaka. Feni ikalia.
Picha ya banda letu la mizani, ile niliyopiga imeinama,
ikarudi imeinama.
Nikafungua ya Ipyana: mstari wa mwisho,
Tungapo, kilo kumi na nane, Alhamisi,
jioni ile kabla sijalala.
Baada yake, weupe.

Fundi katoza elfu kumi na tano, karudisha elfu mbili,
"nauli ya kupandia mlima."
Siku nane ziko kwenye daftari la mtoto
katikati ya hesabu zake za sehemu, nyingine kakosa.
Usiku huu nitaziingiza moja moja,
robo ya Sekela nikiitoa.
Kwanza nitaiwasha.
Kisha nitabandika birika.