Mdomo wa Sato

Jumamosi, saa tatu na robo, tunaingia Kunduchi,
watoto wanne na mimi wa tano,
na chupa moja ya maji iliyokwisha tangu Mwenge.
Kiingilio: watoto buku, wakubwa mbili,
chini ya miaka sita bure.
Erasto nimemwambia ajikunje kidogo,
na amejikunja vizuri hadi getini,
halafu akamtajia mlinzi umri wake, na mwezi.

Chumba cha kwanza ni vioo na giza.
Pweza amejibana ndani ya chungu, jicho moja nje,
kama mpangaji anayesikia mwenye nyumba akibisha.
"Na huyu aliyevimba?"
"Bunju," anasema Dada Siwema,
gambuti hadi magotini, kalamu sikioni.
"Muongo! Bunju ni kwa bibi!"
Shukurani hakubali. Anataka aonyeshwe
basi la huko linapita wapi humu majini.

Wote wanacheka. Faraji hacheki.
Faraji hasemi. Tangu mama yake
alipoingia uwanja wa ndege na begi la kuazima
kwenda Maskati kulea watoto wa watu,
anajibu kwa nyusi.
Mwalimu ameandika kwenye ripoti: *mtulivu*.
Nimelipigia mstari neno hilo kwa ukucha,
sikuandika kitu.

Nje ni matenki, ya buluu, ya mviringo,
ishirini na moja. Zulfa amehesabu,
akarudia, akapata ishirini na mbili.
Pampu inakoroma, maji yanachemka bila moto.
Ukutani mtu ameandika kwa rangi ya mafuta
SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI,
na chini yake kifaranga, mwembamba kama kope,
kinamponyoka Erasto kiganjani mara ya nne.
"Huyu si ndiye mbichi? Mbona hakunjiki?"

Dada Siwema anazamisha wavu, anamtoa sato jike.
"Tazameni shavu."
Limejaa kama la mtu
aliyeitwa jina lake katikati ya tonge.
Mayai yake huyalea mdomoni, anasema.
Yakishaanguliwa, watoto hukaa humohumo.
Wakitoka kutembea, akaona hatari,
anafungua, wanaingia, anafunga.
"Siku ngapi?"
"Kumi. Kumi na mbili. Wengine zaidi."
"Na akitaka kugomba?"
"Hagombi."
"Na akila?"
"Hali."

Pampu inakoroma.
Mimi naangalia gambuti la kushoto,
kiraka chake cha mpira wa baiskeli.
Simu za Jumapili:
Umekula, wifi? Nimekula.
Nyie mmekula? Tumekula.

Kwa kidole gumba anamfungua taya, taratibu,
juu ya beseni, na mdomoni mwake zinamwagika
nukta, nukta, nukta zenye macho,
mia, mia mbili,
Zulfa kashika kichwa.
Zinazunguka beseni zikitafuta mlango.
Samaki kabaki na shavu tupu,
kichwa kikubwa, mwili kama kisu
kilichonolewa miaka mingi.

Hapo ndipo niliposikia, kwa sauti yenye kutu,
sauti niliyoanza kusahau
kama ni nene au nyembamba:
"Sasa apewe chakula."

Sikugeuka. Nilijikataza.
Dada Siwema, asiyejua lolote,
alimpa kikombe cha pumba na kumwambia
kidogokidogo, tumbo lake limesahau.
Faraji alidondosha punje tatu.
Akangoja.
Tatu nyingine.

Tulisimama Mtongani kula.
Shukurani aliapa hatagusa samaki maisha yake yote,
kisha akamaliza nusu ya changu wa Erasto, na mkia.
Muuzaji akauliza nani anataka pilipili.
"Mimi," akasema Faraji.

Maneno manne kwa siku moja.
Nimeyahesabu mara mbili, na hayakuongezeka.
Kesho simu ikiita kutoka Maskati
sijui nianze na lipi.